Mama mkwe anasema ‘mtoto wa kopo’, mume anasema unga wa nyumbani si salama. Nifuate nani?

Shangazi, pokea salamu zangu.

Nimechoka kugombaniwa jikoni mwangu mwenyewe. Mimi ni mama wa binti wa miezi 7, mtoto wetu wa kwanza. Tunakaa Umoja, hapa Nairobi, na kazi yangu iko Upper Hill, kwa hiyo natoka kabla hakujapambazuka ili nipite Jogoo Road kabla ya msongamano. Jioni nikifika, mtoto huwa ameshaanza kusinzia. Likizo ya uzazi ilikuwa miezi 3 kama sheria inavyosema, nikaongezea na siku zangu za mwaka. Baada ya hapo nilikuwa nakamua maziwa ofisini, tena chooni, nayaleta nyumbani kwenye chupa. Alinyonya bila kupewa kitu kingine chochote hadi akafika miezi 6, na hilo najivunia sana.

Matata yalianza na chakula. Mama mkwe alikuja kutoka Vihiga kunisaidia, akaja na unga aliousagisha mwenyewe: mahindi, mtama, wimbi, soya, njugu karanga na omena, vyote pamoja. Anasema huo ndio uliomlea mume wangu na ndugu zake. Mtoto alionja akatema. Tukarudia, akafunga mdomo na kugeuza kichwa. Baada ya siku chache akaharisha. Mume wangu alienda supamaketi akarudi na makopo ya nafaka ya watoto yenye ladha ya vanila, pamoja na vile vichupa vya matunda yaliyosagwa. Mtoto alimaliza bakuli, akalia anataka zaidi. Mume akasema basi, mjadala umeisha: chakula cha dukani kimepimwa, ni safi, hakina mchanga wa omena.

Kwake umeisha, kwangu ndio umeanza. Mama mkwe hasemi kitu mbele ya mwanawe, lakini tukibaki wawili ananiambia, “Huyu sasa ni mtoto wa kopo.” Juzi nilimsikia kwenye simu akimweleza wifi yangu kwamba wasichana wa siku hizi wanazaa halafu wanaiachia supamaketi ilee. Niliingia bafuni nikafungua maji ili wasinisikie nikilia.

Na pesa nazo, Shangazi. Kopo moja ni zaidi ya shilingi 600 na halimalizi wiki. Ukiweka nepi, nauli na mshahara wa dada anayetusaidia, mwezi unanishinda kabla ya tarehe 20.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita stima ilipotea ofisini tukaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Nilimkuta dada anampa mtoto uji kwa chupa. Uji wenyewe ni mwepesi unamwagika kama chai, na chuchu ya chupa ameikata kwa wembe ili tundu liwe kubwa. Aliutoa kwenye themosi aliyoijaza asubuhi. Nilipomuuliza akasema bibi akiuliza anamwambia mtoto amekunywa uji wake, na baba akiuliza anamwambia amekula ya kopo. Ya kopo pia huwa anaikoroga iwe nyepesi ili isiishe haraka, kwa sababu alisikia nikilalamika bei. Hataki kukosana na mtu. Sikuwa hata na nguvu za kumkasirikia.

Kliniki mwezi jana binti yangu alikuwa kilo 7.3. Mwezi huu ni kilo 7.3 vilevile. Foleni ilikuwa ndefu, muuguzi akaniambia tu, “Mama, mlishe vizuri.” Nimlishe nini? Nikisoma habari za aflatoksini, ile sumu ya ukungu wa nafaka, naogopa unga wa mama mkwe. Nikisoma habari za sukari naogopa makopo. Niache kununua nirudi kwenye sufuria, au niendelee na makopo na kuyameza maneno? Na mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mama wa Umoja

*

Mama wa Umoja, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nitaanza kwa kukurudishia nilichokisikia. Umeniuliza kuhusu kopo na unga. Lakini ndani ya barua kuna mama anayekosa mchana mzima wa mtoto wake, ambaye kila mtu nyumbani ana maoni juu ya bakuli la binti yake na hakuna aliyemuuliza yeye anaonaje. Kuna bibi aliyesafiri na zawadi ikatemwa. Na kuna msichana wa kazi anayejaribu kuwatumikia mabosi watatu wasiozungumza. Nitajibu la chakula, lakini haya mengine siwezi kuyapita.

Tuanze na kilo, kwa sababu hizo hazisubiri. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miezi 7 huwa kwenye kilo 7.6 hivi kwa wastani, kwa hiyo 7.3 si namba ya kukunyima usingizi. Wanaotazama ukuaji huangalia zaidi mstari kwenye ile grafu ya kijitabu cha mama na mtoto. Mstari unaolala mwezi mzima, kwa mtoto aliyetoka kuharisha, unastahili mtu aukalie chini na kuutazama. Usingoje tarehe ya mwezi ujao. Rudi kituoni na uombe kumwona afisa wa lishe, si foleni ya mizani peke yake, na umweleze yote uliyonieleza, hata ya themosi. Ulizia pia kama matone ya vitamini A ya miezi 6 yalirekodiwa. Akiharisha tena, mpe ORS, yale maji ya paketi ya kurudisha maji mwilini, na ulizia zinki kituoni, na uzidishe kunyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea au anakataa kunyonya, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Sasa nikuulize jambo, na ulipokee kwa upole. Una hakika gani kwamba umeshajaribu unga, au umeshajaribu kopo? Ninavyosoma mimi, binti yako mchana anapewa uji wa bibi uliotiwa maji ukawa mwepesi, na nafaka ya dukani iliyotiwa maji ikawa nyepesi. Mtoto wa umri wake anashiba kwa kama nusu ya kikombe cha mililita 250. Nafasi hiyo ikijaa maji, tumbo limeshiba na mwili haujapata kitu, na hapo haijalishi unga ulitoka Vihiga au supamaketi. Hivi vyakula viwili mnavyovigombania, hakuna kilichomfikia mtoto kama kilivyokusudiwa. Ndiyo maana sioni haraka ya wewe kuchagua upande leo.

Themosi hiyo nayo nataka tuitazame kwa karibu. Wengi wanaiamini kwa sababu uji unatoka na mvuke. Lakini uji uliotiwa saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa sita mchana, hasa themosi ikiwa imezeeka na inafunguliwa mara kwa mara, unaweza kuwa umeshuka chini ya nyuzi 60 na kubaki vuguvugu, na vuguvugu ndiyo hali ambayo vijidudu huzaana. Chakula cha mtoto kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa 2 bila friji. Kama kimekaa kwenye friji, kipashwe moto hadi kitokote kabisa, kisha kipoe. Na ile chupa yenye chuchu iliyokatwa ni ngumu kuoshwa ndani, tena inamlazimu mpishi kuupunguza uji ili upite. Kikombe kidogo na kijiko vinatosha. Uji mzuri wa miezi 7 ukiinamisha kijiko unang’ang’ania, haudondoki kama maji. Sijui kuharisha kulitoka wapi, na wewe pia hujui. Mume wako ameuhukumu unga, lakini kuna chupa, kuna themosi na kuna maji ya jerikeni ambavyo havijaulizwa chochote.

Kuhusu unga wa mama mkwe, wazo lake lina akili nyingi. Omena ina chuma, kalisi na protini, na chuma ndicho hasa anachokihitaji mtoto sasa, maana ile akiba aliyozaliwa nayo inakwisha kuanzia miezi 6 na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kinachonisumbua ni kuchanganya vyote sita. Mtoto akiharisha au akitoka vipele huwezi kujua ni kipi kilichomdhuru. Nafaka na mikunde pia ina kitu kinachokishika chuma kisiingie mwilini, na ukiirundika pamoja unaongeza mzigo huo. Maafisa wa lishe wengi watakushauri unga wa nafaka moja au mbili, na nyama, samaki au mikunde ipikwe kando.

Hofu yako ya aflatoksini si ya bure. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi na njugu karanga ndivyo vinavyoongoza kwa kuibeba, na kuchemsha hakuiondoi. Lakini usiikimbie kwa kuamini pakiti tu. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi zilizokuwa madukani kwa sababu hiyohiyo. Mnachoweza nyumbani ni kununua kidogo kidogo, kuchambua punje zilizosinyaa, zilizovunjika au zilizobadilika rangi na kuzitupa, na kuhifadhi pakavu. Kwa mtoto mdogo, mahindi na njugu vinaweza kungoja. Wimbi peke yake ni uji mzuri. Ujue pia unga wa kusagisha wenyewe hauongezwi virutubishi, wakati ule wa mahindi wa pakiti sheria inataka uongezwe tangu 2012.

Kopo la baba nalo tulipe haki yake. Nafaka nyingi za watoto za dukani zimeongezwa chuma, na hiyo ni faida ya kweli kwa nyumba ambayo nyama haionekani kila siku. Ziko tayari kwa dakika mbili, na siku ambayo dada anaumwa dakika mbili ni kitu kikubwa. Ila usafi anaousema mume wako unakoma kopo linapofunguliwa. Kuanzia hapo ni maji yenu, kijiko chenu na mikono yenu. Na kuhusu sukari, Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN, mtandao wa kutetea unyonyeshaji, walionyesha kwamba nafaka za watoto za kampuni moja kubwa zilikuwa zinaongezwa sukari katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika Kusini, wakati za aina hiyohiyo zilizouzwa Uswisi hazikuwa nayo. Kwa hiyo geuza kopo usome viungo. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi. Tafuta isiyo na sukari wala asali. Asali haifai kabisa kabla ya mwaka 1. Namba ya kibali iliyo chini ya alama ya KEBS unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# na namba hiyo kwenda 20023.

Hapo ndipo panapoeleza, nadhani, kwa nini alifunga mdomo kwa uji wa bibi na kulilia vanila. Mtoto huzaliwa anapenda utamu. Chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonjeshwa mara 8 hadi 10, siku tofauti, bila kulazimishwa, kabla hajakikubali. Kutema siku ya kwanza hakumaanishi kwamba unga ni mbaya, wala kwamba bibi hajui kupika. Na kumaliza bakuli la kopo hakumaanishi kwamba amekukataa wewe.

Vile vichupa vya matunda, kusema kweli, sivioni kazi yake. Papai, ndizi na parachichi ziko kwenye kibanda cha mama mboga wa karibu, na uma mmoja unaziponda kabla hujamaliza kumvalisha aproni. Tena vichupa havina chuma cha maana.

Labda pia umelipa neno “kupika nyumbani” uzito usiostahili. Unaliwazia kama sufuria ya pekee, chujio na blenda, kila siku, na wewe huna hiyo siku. Chakula cha mtoto kinaweza kutoka kwenye sufuria yenu, kabla hamjatia chumvi na pilipili. Jioni mkipika ndengu, teka vijiko vichache uponde na malenge au kiazi. Mkinunua maini, kipande cha ukubwa wa kibiriti kichemshe hadi kiive kabisa ndani, kikwaruze kwa uma hadi kiwe kama unga, uchanganye kwenye kiazi kilichopondwa na maziwa yako kidogo. Mara moja kwa wiki inatosha kwa maini. Siku nyingine yai lililoiva, samaki aliyetolewa miiba, omena iliyosafishwa, ikakaangwa kavu na kusagwa peke yake, kijiko kimoja juu ya wimbi.

Njia zilizo mbele yako kila moja ina gharama. Ukirudi kwenye sufuria moja kwa moja, mzigo utamwangukia dada, na kama hakuna friji ya kutegemewa au maji hayaji kila siku, atarudi kwenye themosi kwa sababu hana namna nyingine. Ukibaki na makopo peke yake, pesa itaendelea kukubana, na ikikubana yatatiwa maji tena. Isitoshe, ifikapo miezi 8 au 9 binti yako anahitaji kujifunza vipande vipande laini, si ulaini wa kopo siku zote. Wapo kina mama wanaochanganya: nafaka isiyo na sukari asubuhi, chakula cha nyumbani mchana na jioni. Hiyo nayo ina hatari yake nyumbani kwenu, kwamba kila mtu ataliona bakuli lake kuwa ndilo sahihi na vita vitahamia kwenye saa. Ni wewe unayeijua nyumba yako.

Nikukumbushe kitu ambacho katika barua yako umekiandika kama historia. Bado unamlisha. Katika umri huu maziwa yako yanaweza kumpa nusu au zaidi ya nguvu anazohitaji kwa siku. Kunyonya kwa alfajiri, jioni na usiku ni chakula kamili, hata kama mchana hukuwepo. Na kuhusu hiyo ya kukamulia chooni, niruhusu nikasirike kwa niaba yako. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia, na inasema wazi kwamba pasiwe chooni. Unaweza kuliuliza hilo kwa ofisi kwa maandishi, kwa adabu, na ikiwezekana pamoja na wenzako. Najua si kila mtu anaweza kuuliza bila kuhofia kazi yake, kwa hiyo pima.

Dada usimfukuze wala usimgombeze. Amekuambia ukweli ulipomuuliza, na watu wa namna hiyo ni adimu. Kaa naye Jumapili, mpike pamoja uji mzito, aone unavyokaa kwenye kijiko, na umwambie maagizo ya chakula yanatoka kwa mtu mmoja. Mtu huyo ni nani, hilo mlimalize wewe na mumeo mkiwa chumbani. Na mumeo ana zamu yake pia. Neno la kumwambia mama yake kwamba makopo yalikuwa uamuzi wake yeye likitoka kinywani mwake litakuondolea lawama ambayo wewe ukijitetea huwezi kuiondoa. Jioni anaweza pia kushika kijiko mwenyewe, akaona mtoto anavyokataa na anavyokubali.

Kwa mama mkwe, sikushauri ufike na karatasi ya aflatoksini mkononi. Neno lake lilikuumiza, na una haki ya kuumia. Ila jiulize kama anachokilinda ni unga, au ni nafasi yake kama bibi katika nyumba ambayo mwanawe alisema mjadala umeisha. Mngoje akiwa peke yake, labda anachambua mboga, uketi uchambue naye. Unaweza kusema: “Mama, mtoto hakuongeza uzito na nina wasiwasi. Naomba unifundishe uji wa wimbi peke yake, halafu omena tuisage kando. Wewe uji ulikuwa unauchachusha?” Uliza hilo la kuchachusha kwa sababu ni swali la kweli. Kuchachusha unga na kutumia kimea ni ujuzi wa zamani unaosaidia mwili kukipata chuma cha nafaka, na akiwa anaujua, ana kitu cha kukupa ambacho hakuna kopo litakalokupa. Akikataa kutenganisha unga wake, utakuwa umejua mahali mlipofika, na mumeo atakuwa na kazi ya kufanya. Mkiweza, nendeni naye kliniki. Maneno ya afisa wa lishe huwa hayana ukwe ndani yake.

Niandikie ukishaonana na afisa huyo, uniambie mstari umesomekaje na mama mkwe amejibu nini.

Shangazi